Ngao za Shaba

Neno Kuu: 1 Wafalme 14:25-28
Soma pia: 1 Wafalme 10:16-17, Mwanzo 27:1-29 na 32:22-30, Kumbukumbu la Torati 25:13-16, Luka 19:1-10
Shabaha ya somo: Kujichunguza mbele za Mungu kuhusu nguo, viatu na mikoba feki tunayovaa na tunayouza, na kujua la kufanya.

Najua ukiona somo la wiki hii utasema, "Huyu pasta naye, badala ya kutuhubiria wokovu anatuhubiria mishipi na raba." Nivumilie tu. Somo hili nimelibeba moyoni karibu mwaka mzima nikiogopa kuliandika, kwa sababu wa kwanza kuhukumiwa nalo ni mimi mwenyewe.

1. MSHIPI WANGU

Miaka miwili iliyopita nilikuwa na mshipi mweusi wenye herufi G mbili za rangi ya dhahabu pale mbele. Wengi wenu mliuona, maana nilihakikisha koti halifungwi vifungo. Nilinunua kwa mchuuzi jioni moja nikienda kupanda matatu. Shilingi 1,000, baada ya kuvutana bei kutoka 1,500. Mshipi wa Gucci wenyewe, ule orijino, bei yake inapita posho yangu ya mwezi. Nilijua hivyo. Mchuuzi alijua. Wala hakuna aliyemdanganya mwenzake pale barabarani.

Uongo ulianza Jumapili. Baada ya ibada ya vijana, kijana mmoja wa timu ya sifa alinikaribia, akautazama ule mshipi, akaniuliza, "Pasta, hiyo ni orijino?" Nikacheka. Nikampiga bega nikamwambia, "Kijana, Mungu wetu si maskini."

Angalia jibu hilo vizuri. Sikusema ndiyo, sikusema la. Nilichukua jina la Mungu nikalitumia kufunika shilingi 1,000.

Miezi minne baadaye kijana huyo alikuja ofisini nimwombee. Alikuwa amechukua mkopo wa simu wa shilingi 4,500 akanunua raba zenye nembo kubwa, kwa sababu, hivi ndivyo alivyoniambia, "wale wote wanaosimama mbele wako smati, Pasta, hata wewe." Raba zilibanduka soli kabla mkopo haujaisha. Mkopo ukapita siku zake, akaanza kupigiwa simu za kudaiwa, na wiki tatu hakuonekana kanisani. Sisi tulidhani amerudi nyuma kiroho. Kumbe alikosa viatu.

Nilimwombea. Lakini siku hiyo sikumwambia kwamba mshipi wangu ulikuwa feki. Nilimwambia mwezi mmoja baadaye, na nitakueleza sababu.

2. MFALME ALIYEBADILISHA DHAHABU KWA SHABA

Turudi kwenye Neno. Sulemani alitengeneza ngao za dhahabu, 200 kubwa na 300 ndogo. Alipokufa, mwanawe Rehoboamu akatawala Yuda, na katika mwaka wake wa tano Shishaki mfalme wa Misri akapanda Yerusalemu, akachukua hazina za nyumba ya BWANA na za nyumba ya mfalme. Zile ngao za dhahabu akazibeba zote.

Sasa Rehoboamu alifanya nini? Biblia inasema alitengeneza ngao za shaba mahali pa zile za dhahabu, akazikabidhi kwa wakuu wa walinzi wa mlango wake. Kila mfalme alipokwenda nyumbani mwa BWANA, walinzi walizibeba. Ibada ikiisha, wanazirudisha chumba cha walinzi.

Mtu wa Mungu, soma hapo polepole. Zilitolewa lini? Wakati wa kwenda nyumba ya BWANA. Yaani ni vazi la Jumapili! Na shaba ukiisugua vizuri, jua likiipiga, mtu aliye mbali ataiona kama dhahabu. Maandamano yalikuwa yaleyale, hatua zilezile, ila kilichobebwa kilibadilika, na watu wakazoea.

Neno halisemi kwamba shaba ni dhambi. Shaba ni madini mazuri. Madhabahu yenyewe ya kuteketeza ilifunikwa shaba kwa amri ya Mungu. Kama Rehoboamu angesimama akasema, "Ndugu zangu, dhahabu imechukuliwa, sasa tunabeba shaba," angekuwa mfalme maskini mkweli. Yeye aliendeleza maandamano kana kwamba Shishaki hakuwahi kufika.

3. KWA NINI FEKI INATUVUTA

Nilisomea biashara chuoni, na hapa niruhusu nizungumze kidogo kama mtu wa hesabu.

Kwanza, bei. Kampuni ikiuza raba kwa shilingi 15,000, ndani ya bei hiyo kuna mchoraji, majaribio, matangazo, kodi, maduka, na faida kubwa ya jina. Anayeghushi hajalipa mchoraji wala tangazo. Anaiba kazi ya mwisho kabisa, ile ya kumfanya mteja aamini, anauza kwa 2,500 na bado anapata faida. Jambo hili si geni. Kampuni ya Louis Vuitton ya Ufaransa ilianzishwa mwaka 1854, na ile michoro ya herufi L na V pamoja na maua unayoiona kwenye mikoba ilibuniwa mwaka 1896, sababu moja kubwa ikiwa ni kuwazuia walioiga mifuko yao. Leo michoro hiyohiyo iko kwenye mikoba feki kila kona ya mji.

Pili, macho ya watu. Tusidanganyane. Nairobi hii, ukiingia ofisi, benki, au hata harusi, mlinzi anakutazama viatu kwanza. Mtu aliyevaa vizuri anaitwa "bosi", anapewa kiti. Aliyevaa kiatu kilichochoka anaambiwa asubiri. Nasi kanisani tunafanya vivyo hivyo, na Yakobo alitukemea sura ya pili. Usheri wetu wenyewe wanajua nani hupelekwa viti vya mbele.

Tatu, jeraha. Wengine wetu tulikwenda shule na viatu vilivyotoboka. Tulichekwa, na ile kicheko haijatoka masikioni. Mtu anaponunua jina kubwa la uongo, mara nyingi anajaribu kumjibu yule mtoto aliyemcheka darasa la tano. Simcheki mtu huyo, kwa sababu ni mimi. Marehemu mama yangu alinishonea kiatu kwa waya. Alifanya awezavyo, nami nilimwonea aibu.

Kwa hiyo nikisema feki ni mbaya, sisemi wanaoivaa ni watu wabaya. Nasema kuna kiu ya kweli pale, na tumeinywesha maji ya chumvi.

4. FEKI INAGHARIMU NINI

Inagharimu mfuko. Raba za 2,500 zikikaa miezi minne, kwa mwaka ni jozi tatu, yaani 7,500. Kwa miaka mitatu ni 22,500. Kiatu cha ngozi cha 4,000 kutoka kwa mafundi wetu pale Kariokor, ukikibadilisha soli mara mbili kwa 600 kila mara, kwa miaka hiyohiyo mitatu kimekula 5,200. Kiatu hicho hakina jina la kigeni, lakini mvua ya Aprili ikija mguu unabaki mkavu.

Inagharimu mwili. Mwaka 2022 chama cha wenye viwanda vya nguo na viatu cha Marekani, AAFA, kilipima bidhaa feki 47. Kati ya hizo, 17 zilishindwa viwango vya usalama vya nchi hiyo. Katika baadhi yake kulipatikana risasi, aseniki na kadimiamu, vitu ambavyo mtu hangependa vikae kwenye ngozi ya mtoto. Kampuni yenye jina lake inaweza kushtakiwa. Aliyeghushi utamshtaki wapi, na hata jina alilotumia si lake?

Inagharimu nchi na wafanyakazi. Shirika la OECD pamoja na ofisi ya Umoja wa Ulaya iitwayo EUIPO walitoa ripoti mwaka 2021. Walikisia kwamba bidhaa feki zilizovuka mipaka ya nchi mwaka 2019 zilifikia dola bilioni 464, sawa na asilimia 2.5 ya biashara yote ya dunia. Hiyo ni zaidi ya mara nne ya pato lote la Kenya mwaka huo, na viatu, nguo na bidhaa za ngozi ni kati ya zinazokamatwa sana. Pesa hizo zinapita gizani, na kilichofichwa gizani hakilipi kodi yake yote wala hakina mkaguzi wa kuuliza kama mshonaji ana mlango wa kutokea moto ukiwaka.

Inagharimu uhuru. Kenya tuna Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008, na tuna Mamlaka inayoisimamia. Sheria hiyo inamlenga anayefanya biashara: anayetengeneza, anayeuza, anayechuuza, anayeweka stoo ili auze. Akipatikana na hatia mara ya kwanza, anaweza kufungwa hadi miaka 5, au kupigwa faini isiyopungua mara tatu ya bei ya rejareja ya mali hiyo, au yote mawili. Kosa la pili ni hadi miaka 15, na faini ni kuanzia mara tano. Nataka wafanyabiashara wetu walisome hili vizuri, kwa sababu mimi sikulisoma kwa wakati.

5. MAMA MMOJA NA MAGUNIA MATATU

Hapa ndipo penye uchungu. Mama ninayemzungumzia ni mmoja wetu, na amenipa ruhusa nisimulie bila jina lake.

Alikuwa akiuza viatu katika soko moja la jiji hili. Siku moja alikuja ofisini akaketi, akakunja leso yake mapajani, akaniuliza, "Pasta, viatu ninavyouza si orijino. Fungu langu la kumi Mungu analipokea?"

Ndugu yangu, mlango ulikuwa wazi. Roho Mtakatifu alikuwa amekwisha kumhoji huyu mama kabla hajafika kwangu. Kazi yangu ilikuwa ni kusema ukweli tu. Nami nilikuwa nimeketi pale kiunoni nikiwa na G mbili. Ningemwambia nini?

Nikamwambia, "Mama, Mungu anaangalia moyo. Wewe una watoto wa kusomesha." Halafu nikafanya jambo baya zaidi. Nikatoa karatasi na kalamu nikamshauri jinsi ya kupanua biashara! Nilimwonyesha kwamba akinunua kidogo kidogo anauziwa ghali, lakini akichukua jozi 120 kwa mara moja atapewa kwa 700 kila jozi. Hiyo ni 84,000. Akiuza kwa 1,500 atapata 180,000, yaani 96,000 juu ya mtaji, kabla ya nauli na kodi ya kibanda. Hesabu ilikuwa safi kabisa. Mhadhiri wangu angenipa alama zote. Nilipiga hesabu ya kila kitu isipokuwa jina lililoandikwa kwenye kiatu.

Mtaji alipata kwa chama cha akina mama wa hapa kanisani. Akina mama 14, kila mmoja 6,000. Wengine walitoa za mboga, mmoja alitoa za karo ya muhula wa pili.

Wiki ya tatu maafisa walifika sokoni. Viatu vilitiwa kwenye magunia matatu, vikapakiwa kwenye gari, vikaenda. Alikuwa ameuza jozi 19 tu. Hakushtakiwa, kwa neema ya Mungu. Lakini usiku ule nilikaa mezani nikapiga ile hesabu ambayo ningempigia mwanzoni: mara tatu ya 180,000 ni 540,000. Hiyo ndiyo faini ambayo mimi, pasta mwenye digrii, ningemsababishia mjane kwa kalamu yangu.

Alinipigia simu akisema neno moja, "Pasta, watoto wa watu." Hakusema watoto wake. Alikuwa anawafikiria wale akina mama 14.

Wiki hiyo ndiyo nilimwita yule kijana wa raba nikamwambia ukweli wa mshipi. Kisha nikaenda kwa mchungaji wetu kiongozi na wazee, nikaeleza yote. Nikaketi pia na chama cha akina mama. Hawakunipigia makofi. Mmoja aliniambia, "Pasta, tulikuamini kwa sababu umesoma." Sikuwa na jibu.

Tulikubaliana kwamba theluthi ya deni, yaani 28,000, nitailipa mimi kutoka kwa posho yangu. Nimemaliza mwezi uliopita. Yule mama analipa zilizobaki. Mpaka leo ninapoandika, bado anadaiwa 31,000. Siku hizi anauza viatu vya shule visivyo na jina la mtu, pamoja na vya mitumba. Faida ni ndogo, na fungu lake la kumi limepungua; mweka hazina ameliona, nami nimeliona. Kuna dada wawili katika kile chama ambao hawajaanza kumsalimu. Ninawasihi, kwa upendo, kama mna hasira nileteeni mimi.

6. MASWALI NINAYOULIZWA

"Je, mitumba ni dhambi?" Hapana. Kiatu cha mtumba chenye jina lake ni kiatu cha kweli kilichozeeka. Ukikinunua Gikomba kwa 800 ukakisugua kikang'aa, hujamdanganya mtu. Vaa, umtukuze Mungu.

"Na fundi wangu akinishonea gauni kama la kwenye picha?" Kuiga mshono ni jambo la zamani, mafundi wote hujifunza hivyo. Shida tunayozungumzia ni kubandika jina na nembo ya mtu mwingine juu ya kazi ambayo hakuifanya. Mwambie fundi wako aweke lebo yake. Huenda siku moja watu wakaitafuta.

"Hao wenye kampuni ni matajiri, hawahisi lolote." Huenda hawahisi. Lakini Kumbukumbu la Torati 25 inakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo, wala haisemi ruhusa ipo ukimpunja tajiri. Pia, jina si la matajiri peke yao. Akina mama wa Mombasa wanajua leso yenye maandishi ya K.H.E. Mali ya Abdulla; wanaliangalia jina pembeni kabla ya kulipa, kwa sababu jina hilo limewatunzia ahadi kwa vizazi. Ukianza biashara yako ya sabuni au ya uji wa unga, na jirani akabandika jina lako kwenye unga wake mbovu, utakuja mbio ofisini kutaka tuombe moto ushuke.

"Basi tununue orijino?" Sijasema hivyo, na kanisa halijatumwa kuuzia watu mikoba. Ikiwa Mungu amekupa na hukopi, nunua kwa amani. Kwa wengi wetu jibu ni kutolihitaji hilo jina kabisa.

"Mimi niliuziwa nikijua ni orijino." Wewe umedanganywa, hujadanganya. Usijilaumu. Ila ukishajua, usimwuzie mwingine kwa maneno uliyouziwa wewe.

"Nifanye nini na nilizo nazo?" Mshipi wangu niliupeleka kwa fundi viatu. Akakata ile chuma ya herufi, akaweka ya kawaida kwa shilingi 150. Ninauvaa mpaka leo. Sitakupangia wewe, wengine wametoa nembo, wengine wamevaa mpaka ziishe huku wakisema ukweli wakiulizwa. Lakini kama ni bidhaa za kuuza, hapo sina jibu laini. Acha kuuza. Njoo tuketi, tupange jinsi ya kutoka bila watoto kulala njaa. Sasa nitapiga hesabu yote, pamoja na ile niliyoiruka.

7. JINA LAKO NANI?

Nimalizie kwa Yakobo. Mwanzo 27, Rebeka alimvika nguo nzuri za Esau, na ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni. Hiyo ni feki ya hali ya juu: ngozi ya mbuzi ikijifanya ngozi ya mtu! Isaka kipofu alipapasa mikono, akaamini, ingawa sauti ilimtia shaka. Alipoulizwa yeye ni nani, alitaja jina la ndugu yake.

Baraka aliipata. Lakini angalia gharama. Alikimbia nyumbani, na maandiko hayatuonyeshi tena akimwona mama yake. Labani alimletea Lea jioni akamdanganya naye. Na uzeeni, wanawe walimletea kanzu ya Yusufu iliyochovywa katika damu ya mbuzi, naye akaamini. Nguo na mbuzi, vilevile alivyomfanyia babake.

Sasa nenda Mwanzo 32, usiku wa Penieli. Anashindana hadi alfajiri, anataka baraka. Kabla ya kubarikiwa anaulizwa swali moja tu: jina lako nani? Miaka mingi nyuma aliulizwa swali kama hilo na baba yake, akajibu Esau. Usiku huu akajibu, Yakobo. Hakuongeza lolote. Ni baada ya kusema jina lake halisi ndipo alipewa jina jipya, Israeli. Akatoka pale akichechemea, lakini hakuwa amevaa nguo za mtu.

Mpendwa, Mungu anaweza kumbariki Yakobo maskini. Yule Esau wa kujifanya hamjui, kwa sababu hakumwumba. Ukimjia na jina lako, na kiatu chako kilichoshonwa, anajua mahali pa kuanzia.

HATUA ZA WIKI HII

1. Fungua kabati yako ukiwa peke yako na Mungu. Usianze na ya mke wako au ya watoto.
2. Kama kuna mtu uliyemwacha aamini uongo kuhusu ulichovaa, mpigie umwambie. Ni dakika mbili, na zinauma kweli.
3. Kama una mkopo wa simu wa nguo, ulipe kabla ya kununua kitu kingine cha kuvaa.
4. Kama unauza, njoo ofisini Jumanne au Alhamisi jioni. Hakuna atakayekutaja madhabahuni.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Kwa nini unafikiri Rehoboamu aliendelea na maandamano baada ya dhahabu kuchukuliwa? Sisi tunaendeleza maandamano gani?
2. Katika kanisa letu, mtu mwenye viatu vibaya anapokelewaje mlangoni? Semeni ukweli.
3. Yule mama alipouliza kuhusu fungu la kumi, wewe ungemjibu nini?
4. Zakayo alirudisha mara nne. Kuna mtu ambaye ushauri wako, au mfano wako, ulimgharimu? Utaanzia wapi?

TUOMBE

Baba, katika jina la Yesu, nimebeba shaba mbele zako nikitaka watu waione dhahabu. Nisamehe. Waponye wale walioumizwa na mfano wangu, na uwarudishie kilichopotea. Wakumbuke wafanyabiashara wetu wanaotaka kutoka katika njia hii wala hawaoni mlango. Wafungulie, na utupe sisi mikono ya kuwasaidia. Unifundishe kusimama mbele zako kwa jina ulilonipa. Amina.

Mstari wa kukariri wiki hii: 1 Samweli 16:7.